Kopo Lililorudi Limeoshwa

"Nani anakuoshea kopo hili?"

Bundala, viatu bado mguuni, alilitazama kopo mkononi mwa mkewe akajua leo hakuna pa kutokea.

"Nimeosha mwenyewe."

"Wewe? Kikombe cha chai tu kinakushinda." Generoza alifungua mfuniko. "Na haya matobolwa, umeyapika mwenyewe pia?"

Viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa vilijaa mpaka juu. Siku nyingine Bundala alivimaliza njiani. Leo alisahau, na ndoa nyingi zimevunjika kwa kusahau kudogo kama huku.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, Generoza alipata kazi ya kupika kwenye nyumba yao ya wageni, na Bundala akapewa lori la kubeba pamba kutoka Mwandoya. Jumapili mabosi walikula paja la ng'ombe la kuoka, kiporo kikawa cha mpishi. Jumatatu asubuhi Generoza alikikata vipande vyembamba, akakaanga vitunguu kwa mafuta yaliyoganda chini ya sinia, akapanga nyama, nyanya na pilipili katikati ya mkate mnene aliouoka mwenyewe, kisha akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukanywa mchuzi wote. Sandwichi hiyo moja mtu alishinda nayo siku nzima. Na yote hayo kwa ajili ya mumewe, jamani.

"Sandwichi yangu unampelekea mwanamke. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

Mwanamume gani hukubali upesi hivyo?

Generoza alishika ukingo wa meza. Miaka miwili iliyopita alitoroka kwao Mwandoya kwa ajili ya mtu huyu. Baba yake, mzee Malimi, aliapa hamtoi binti bila ng'ombe, na Bundala hakuwa hata na ndama. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwao. Akiachwa, hana pa kurudi.

"Ananishinda uzuri?"

"Sijui. Sijawahi kumwangalia usoni."

"Unanidhihaki, Bundala."

"Kweli kabisa. Nikifika naweka kopo kwenye kisiki nje ya boma, nakohoa, nageukia pembeni mpaka alichukue. Jioni nikirudi na mzigo nalikuta palepale, limeoshwa na kujazwa matobolwa. Hatujawahi hata kusalimiana."

Generoza aliachia ukingo wa meza. Kwa Wasukuma yuko mwanamke mmoja ambaye mwanamume humwonea aibu kiasi hicho, naye ni mama wa mke wake.

"Unakwenda kwa mayu, kwa mama yangu," alisema, machozi yakimtoka.

"Baba yako siwezi kumkabili mikono mitupu. Nikasema angalau waonje mapishi yako, wajue mtoto wao anakula vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee hajatoka nje hata mara moja. Sikutaka utumaini bure."

Generoza alimkumbatia na vumbi lake lote la pamba. "Ahsante, mume wangu. Mimi nakufokea, kumbe wewe unanitunzia wazazi." Kisha akainua kichwa. "Lakini mayu hana meno. Nyama ile anaitafunaje?"

Walitazamana. Bundala ndiye aliyeanza kucheka.

Jumatatu iliyofuata Generoza alitengeneza sandwichi mbili akapanda lori. Pale bomani mama yake alimwona mkwe, akakimbilia ndani. Mzee Malimi alibaki kwenye kigoda chake.

"Mwangaluka, baba." Generoza alipiga magoti kumsalimia.

"Mwangaluka."

Mzee alichukua kopo, akafungua, akauma. Alitafuna taratibu, bila kumtazama.

"Wiki iliyopita pilipili ilizidi," alisema.

Ndani ya nyumba mama alicheka kwa sauti. "Si ulisema mimi ndiye ninayekula?"

Mzee alijifanya hasikii. "Huyo dereva wako anakupiga?"

"Hapana, baba. Ananitunza."

"Na ng'ombe wangu?"

"Ataleta. Amepata kazi sasa."

"Najua ataleta. Mtu anayempa mama mkwe chakula chake mwenyewe, yeye akashinda njaa, si mwizi." Akamgeukia binti yake. "Nimekukumbuka sana, mwanangu."

Generoza aliangukia magoti ya baba yake akalia, akishukuru kila alichoweza kukitaja, mpaka ule mkate.

Mzee alimpapasa kichwa. Kisha akatazama nje ya boma, ambako Bundala alikuwa amegeuka, akitazama kisiki.

"Mwite mkwe wangu," alisema. "Aje tule."