Nililifuta Jina la Machota, Wambura Akapigwa

Ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana, nyumbani kwetu Nyasho. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na aibu nyingi mno. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua nilikuwaga nanyamaza tu. Mambo yangu niliyaandikaga daftarini. Leo nayaandika kwenu, wasomaji wenzangu...

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, redio kaseti zimejaa madukani. Kaka yangu Magesa na rafiki yake Wambura, mpiga dramu, walikuwa na bendi ya magitaa ya kelele. Wakaamua kutoa kaseti yao. Wakamwalika Machota wa Nyamuswa, mpiga litungu, kile kinanda chetu cha nyuzi nane. Mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza vitufe vya kurekodi.

Lo, alipiga yule! Litungu likayameza magitaa yote. Na kama wapiga litungu wanavyofanyaga, katikati ya wimbo akajitaja: jina lake, la baba yake aliyezikwa mwezi uleule, na la kwao.

Alipoondoka tu, Magesa akaniambia, "We Nyangeta, pale anapojitaja pafute. Kaseti ni yetu, siyo matanga ya baba yake!"

Nilijua ni vibaya. Je, nilikataa? Sikukataa! Nikabonyeza, kaka akapiga gitaa lake juu ya jina la marehemu...

Wiki tatu baadaye kaseti ikafika Nyamuswa. Kilabuni wakamcheka Machota: "Siku hizi unapiga kama kibarua, huna hata baba?"

Kesho yake alasiri alifika kwetu na ndugu zake watatu, wana marungu. Bendi ilikuwa uani.

"Nani kamfuta baba yangu?"

Magesa akamnyooshea kidole Wambura. "Huyo! Yeye ndiye fundi wa mitambo!"

Wambura akacheka, akadhani utani. "Mimi? Hata redio ya mama inanishindaga!"

Rungu la kwanza likamng'oa meno. La pili likatua mkononi, na mfupa niliusikia, jamani! Akatambaa mchangani, damu inamtoka, anaita, "Magesa! Magesa, waambie!" Kaka yangu alikuwa ameshauruka uzio...

Na mimi? Nilikuwa mlangoni, hatua nne tu. Kusema "ni mimi" kulinishinda. Wakauponda mkono uleule mpaka wakachoka.

Wenzangu mnaosifiwa upole, nawaomba! Ukitumwa ubaya, kataa palepale, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilisubiri mpaka mwenzangu akaharibiwa.

Asubuhi yake nilipeleka uji hospitali. Vidole viwili vya Wambura havikuwepo tena. Nikamwambia ukweli wote. Akageukia ukutani. Mama yake akaubeba uji, akaumwaga nje, akarudi. "Bado upo hapa?"

Nilikuwepo. Nikakaa kwenye benchi mpaka askari wa kuandika maelezo alipokuja. Akauliza nani alifuta.

"Mimi," nikasema. "Na aliyenituma ni kaka yangu. Amejificha Guta, kwa shangazi."