Kitabu Kilichotangulia Lori

Kila Jumatatu asubuhi, Sadiya alimimina chai, kisha akajaza kitabu cha safari cha lori lao. Hakungoja safari zifanyike. Alijaza wiki nzima mpaka Jumamosi: kuondoka Isiolo, kupumzika njiani, kulala Nairobi, kurudi kesho yake. Mistari ilinyooka kama ya mwalimu.

"Huyu mke wangu serikali ilimkosa," Halake alijisifu.

Dereva wao alikuwa Jaldesa, mdogo wake Sadiya. Kule kulala Nairobi kulikuwa kwa karatasi tu. Jaldesa alishusha mbuzi sokoni, akageuza lori papo hapo, shavu limejaa miraa ya kufukuza usingizi, akarudi Isiolo siku hiyo hiyo. Kesho yake alianza tena. Halake alisema mfanyabiashara wa mifugo akilala, soko humpita.

Jumatano moja, alasiri, simu ya Sadiya ililia. Alikuwa afisa wa polisi wa barabarani, karibu na Sagana.

"Mama, lori lenu lilikuwa linayumba, nimelisimamisha. Dereva wako anasinzia hata akiwa wima."

"Afande, huyo amepumzika. Angalia kitabu."

"Ndicho nimeshika. Leo si Jumatano?"

"Ni Jumatano."

"Basi hapa Jaldesa ameshafika nyumbani Jumamosi, salama salimini. Huyu niliye naye ni nani?"

Sadiya alivuta kiti. Aliketi. Kama lori lingepinduka, kitabu kingeendelea kumrudisha ndugu yake nyumbani, kwa mwandiko wake yeye.

Lori lilizuiliwa. Kesho yake Jaldesa alifika kwa matatu, macho mekundu. Kathure, jirani yao aliyeendesha malori ya mafuta miaka ishirini, alikuja kutoa pole.

"Habari ya hapa, Sadiya?"

"Si nzuri. Keti."

"Yule afande ametuonea," Halake alidakia.

"Amewaokoa! Halake, ukiswaga mbuzi kutoka Merti, unawapumzisha?"

"Lazima. Mbuzi akichoka anaanguka. Hata kwa lori tunasimama, tunawainua waliolala wasikanyagwe."

"Na shemeji yako, nani humwinua?"

Halake alikuna ndevu. Jaldesa alitazama viatu vyake.

"Sheria iko wazi," Kathure alisema. "Dereva wa lori asiendeshe zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Zikiisha, analala, au mwingine anashika usukani. Na kitabu anajaza dereva mwenyewe: ameanza saa ngapi, amesimama wapi, ameondoka tena saa ngapi. Anaandika yaliyotokea. Nyinyi mmeandika utabiri."

"Lakini miraa inanisaidia," Jaldesa alisema.

"Miraa inaficha uchovu, haiuondoi. Na anayekwambia ni Mmeru mwenye shamba la miraa!"

Wote walicheka, ila Halake. "Wateja watatukimbia, Kathure."

"Wengine watakimbia, sikudanganyi. Lakini ukimzika huyu, mzigo wao utaubeba wewe mgongoni?"

Sadiya alichukua kitabu. Akapiga mstari juu ya siku zote ambazo hazijafika. Kisha akampa Jaldesa kalamu.

"Dada, mwandiko wangu ni kama kuku amepita."

"Acha apite. Andika wewe."

Lori lilipoachiliwa, safari sita za wiki zikawa tatu. Mfanyabiashara mmoja aliwahama, akanuna hata msikitini. Wengine walibaki, kwa sababu mbuzi wao walifika wakiwa hai. Jaldesa sasa alilala Nairobi kweli, akarudi kesho yake.

Baada ya mwezi, siku moja aliingia nyumbani alasiri, akaketi, akaomba chai. Zamani alianguka kitandani na viatu.

"Dada," alisema, "kumbe pale tunapopanda kuelekea Timau, kando kabisa ya barabara, kuna shule. Watoto wanavuka wengi! Imejengwa lini?"

Sadiya aliweka birika chini polepole.

"Jaldesa, hiyo shule iko pale tangu wewe hujajua kuendesha."

Jaldesa alishika kikombe bila kunywa. Miaka sita alikuwa akiipita shule hiyo bila kuiona.