Sanduku Lisilopigiwa Makofi

Usiamini ukitaka. Kidomo, msimulizi wa kisa hiki, hambembelezi mtu. Shule aliikimbia mapema, lakini katika hoteli ile ya ufukweni hakuna mhudumu mwingine aliyebeba sahani sita kwa mpigo. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Tukifika kwenye sanduku utanyamaza mwenyewe.

Jioni ile walikuja watalii arobaini, chakula na onyesho kwa tiketi moja. Supu imepoa. Kuku mkavu. Mwimbaji hakutokea. Wageni wakakaa wamenuna, wakifukuza mbu kwa menyu.

"Wanakula kama wako msibani," mpishi alinong'ona mlangoni mwa jiko.

"Msibani wangeshiba," Kidomo akajibu.

Akabaki Mzee wa Mazingaombwe na sanduku lake jeusi. Aliyeingia humo kila jioni ni dada yake Kidomo. Mzee anafunga, anafungua: hamna mtu. Anafunga tena, wahudumu wanaanzisha makofi ili wageni wafuate, anafungua: dada huyo, anatabasamu.

Siku ya kwanza mzee aliwaonya wahudumu, bila kucheka: "Makofi ndiyo njia yake ya kurudia. Msimnyime."

Wakadhani mzee anapenda sifa tu.

Dada akaingia. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa. Hayupo.

Ukafungwa tena.

Kimya...

Wahudumu je? Kidomo huwa anasema mikono yao ilijaa sahani.

Harufu ikapanda, ya nguo mbichi iliyofungiwa kabatini. Kisha ndani ya sanduku kitu kikakwaruza. Polepole. Kama kucha zinazotafuta kitasa.

"Pigeni," mzee alinong'ona, jasho likimtiririka. "Jamani, pigeni."

Kukwaruza kukakoma.

Bibi mmoja mgeni akapiga makofi mawili, ya huruma. Mlango ukafunguliwa. Dada akatoka, akainama kama kawaida. Meza ya mbele mtu akapiga miayo.

Kesho yake mzee alikuwa ameshahama, yeye na sanduku lake.

Nyumbani, mama ndiye aliyeona. Binti yake aliipua sufuria kwa mikono mitupu, akasimama nayo, ngozi inanuka.

"Mwanangu, huungui?"

"Naungua?" aliuliza, kama anayeulizwa habari za jirani.

Mpaka leo hacheki, halii. Ukimwita huchelewa kuitika, kana kwamba anasubiri mwenye jina aitike kwanza.

Kidomo huishia hapo. Lakini jana mama alimkalisha chini.

"Hizo sahani haziwekwi mezani, baba?"

Kidomo, mwenye jibu kabla ya swali, akatazama vidole vya miguu yake.

"Hatukuwa na sahani, mama. Niliwakonyeza wenzangu watulie. Mpishi alipoinua mikono, nikamshika. Dada alishasema anaondoka na mzee, wakazunguke miji. Nikasema moyoni, mzee akiaibika atafukuzwa usiku uleule, aende peke yake, na dada atabaki nyumbani."

Mama akamsogelea, naye akaendelea.

"Alipokuwa anakwaruza... aliniita. Jina langu la nyumbani, mara tatu. Nilimsikia. Nikazidi kumbana mpishi mikono."