Jicho la Roboti ya Dawa

Saa ya kuona wagonjwa, korido ya hospitali imefurika watu, roboti ya kusambazia dawa ikachagua wakati huohuo kumzibia njia muuguzi. Akienda kushoto, nayo kushoto. Akienda kulia, nayo kulia. Fundi wake akaja mbio, shati limemchomoka, simu mkononi.

"Samahani, dada. Intaneti ikikatika inachanganyikiwa."

"Imechanganyikiwa au imenipenda?"

"Basi haijachanganyikiwa. Ina macho."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Yaliyofuata hayakuhitaji mtabiri: simu kila mchana, "Mpenzi, umekula?", "Wewe kwanza, laazizi."

Lakini fundi alikuwa na ugonjwa wake. Kamera ya roboti iliunganishwa na simu yake ili airekebishe popote alipo. Yeye akawa anaituma wodini hata pasipo na dawa ya kupeleka, amtazame tu mpenzi wake. Siku moja akamwona amemwegemea kijana wa shati la samawati, wanacheka. Wivu ukampanda, akapiga simu papo hapo.

"Huyo wa shati la samawati ni nani?"

Muuguzi akaacha kucheka.

"Umelionea wapi shati lake?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwenye simu alimwona muuguzi akigeuka taratibu na kuikazia macho roboti.

"Ni kaka yangu. Nilikuwa namweleza habari zako." Sauti ikampanda. "Na humu nawaogesha mama za watu! Wewe unachungulia?"

Akavua sweta, akaifunika kamera.

Aibu ilimtafuna fundi. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wauguzi, akaeleza yote bila kujitetea. Alinyang'anywa ruhusa ya kamera, akapewa onyo mbele ya mafundi wenzake, naye akaona amestahili. Kisha akamsubiri muuguzi getini, kichwa ameinamisha kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nimekukosea. Na wagonjwa wako pia. Sina uso wa kukutazama."

"Nilikuwepo siku zote," muuguzi alisema. "Ungeniuliza, si ningekwambia?"

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

"We! Hilo kubwa, hujalifikia. Anza na dogo."

Fundi akainua kichwa. "Umeshindaje leo?"

Muuguzi aliketi kwenye benchi na kumwachia nafasi kando yake.

"Vibaya," alisema, akaanza kumweleza.