Mkanda wa Kupasulia Mbao

Kabla chai haijachemka, Fundi Mapindo alikuwa ameshafika karakanani. Alifagia vumbi la mbao huku akiimba kwa sauti mbaya. Mkewe, aliyekuwa akipiga vanishi mlangoni, alishazoea.

Mtaa mzima ulimjua fundi huyu kwa viti. Migongo ya viti vyake ilipinda vizuri mno. Ukiegemea, hutaki kuinuka. Ndiyo maana walimwita Mapindo.

Alikata mapindo hayo kwa msumeno wa mkanda. Hiyo ni mashine yenye gurudumu juu na gurudumu chini. Mkanda wa chuma wenye meno huzunguka kwenye magurudumu hayo. Mkanda wa Mapindo ulikuwa mwembamba, wenye meno madogo mengi.

"Meno mengi, kazi nyingi," alipenda kusema.

Siku moja mama mkwe wake alimletea mbao mbili nene. Zilitoka kwenye mti uliopandwa na marehemu mumewe. Mti wenyewe ulikatwa zamani. Mbao hizo mbili tu ndizo zilizobaki.

"Mwanangu," alisema, "nitengenezee kabati dogo. Milango itoke humu."

Mapindo alijua la kufanya. Angepasua ubao kwa unene wake, apate mbao mbili nyembamba. Kisha angezifungua kama kitabu. Mistari ya mti ingefanana kulia na kushoto.

Aliwasha mashine. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mara mashine ikaanza kulalamika. Moshi ukatoka. Mapindo akasukuma kwa nguvu zaidi.

Ubao ulipotoka, upande mmoja ulikuwa na tumbo katikati. Upande wa pili ulikuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, tena una tundu.

Mkewe aliacha vanishi akaja kutazama.

"Umebaki mmoja," alisema.

"Najua."

"Ukiharibu na huo, mti wa baba umekwisha."

Mapindo aliona aibu, na hofu ikamshika.

"Tumwite dada," mkewe alisema.

"Dada yako? Atanicheka mwaka mzima!"

"Akucheke. Kuuliza si ujinga."

Dada mtu alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao. Wenzake walimwita Mama Meno. Alikuja na glavu za ngozi na mkanda uliokunjwa ndani ya gunia.

"Shemeji!" aliita kutoka barabarani. "Nasikia sasa unapinda hata mbao zilizonyooka!"

"Nilisema mimi," Mapindo alinung'unika. Lakini alicheka.

Mama Meno hakugusa mkanda mara moja. Alichomoa kwanza waya wa umeme. Ndipo akavaa glavu, akautazama mkanda jino kwa jino.

"Tazama, shemeji. Kati ya jino na jino kuna nafasi. Unga wa mbao hukaa humo mpaka utoke chini. Ubao mnene hutoa unga mwingi. Nafasi zako ni ndogo, zikajaa. Mkanda ukapata moto, ukaanza kutangatanga. Nawe ukausukuma!"

"Kwa hiyo meno mengi ni mabaya?"

"Si mabaya. Huu ni mkanda wa mapindo, uache ukate mapindo. Wa kupasulia ni huu."

Alifungua gunia. Mkanda ule ulikuwa mpana. Meno yake yalikuwa makubwa na machache, kama matatu tu kwa upana wa kidole gumba.

"Upana wake unauzuia usiyumbe," alisema. "Lakini usinunue mpana kuliko mashine yako inavyoweza kuukaza. Nilimuuliza mdogo wangu mashine yenu ni ya namna gani kabla sijaja."

Waliufunga pamoja, Mapindo naye amevaa glavu, meno yakitazama chini. Mama Meno aliukaza, akaugonga kwa kidole, akaukaza tena kidogo. Akafunga ubao ulionyooka kwenye meza ya mashine, ili ule wa kupasuliwa uuegemee ukipita. Kisha akapitisha mkono polepole juu ya ubao wa baba yake. Akasimama.

"Kuna msumari hapa."

Mapindo hakuwa ameuona. Kichwa cha msumari kilikuwa kimezama ndani kabisa. Ungevunja meno yote yale. Aliung'oa kwa koleo, jasho likimtoka.

Mama Meno alivua glavu zake, akarudisha waya wa umeme, akajaribu kwanza kwenye kipande cha kuni. Kilipasuka sawasawa.

"Haya, sasa vua glavu," Mama Meno alisema. "Mashine ikiwaka, glavu inaweza kukuvuta mkono. Vidole mbali na meno. Mwishoni sukuma kwa kijiti."

"Si ukate wewe, shemeji? Mimi naogopa."

"Fundi ni wewe. Usiulazimishe, upeleke tu. Sikiliza."

Mapindo alisikiliza. Mlio ulikuwa mmoja, mpole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na moshi. Alimtazama shemeji yake, aliyesimama amefumba macho akisikiliza pia. Moyoni alisema, huyu mwanamke ana sikio la ajabu.

Ubao ulipotoka, mkewe alinyoosha mkono aufungue.

"Bado!" Mama Meno alisema. "Ubao haukimbii. Mkanda kwanza."

Alizima mashine, akachomoa waya, akavaa glavu. Akalegeza mkanda na kuutoa. Aliusugua utomvu kwa brashi na maji ya sabuni. Akaukausha vizuri, akatafuta nyufa, akaupaka mafuta kidogo.

"Ukiuacha umekazwa usiku kucha, unachoka. Ukiuacha na utomvu, unapata moto. Ukiuacha na maji, unashika kutu. Na siku ukiona unalazimika kusukuma, ujue makali yamekwisha. Niletee."

"Nitakuletea," Mapindo alisema. Alisema kwa adabu kweli.

Kuanzia hapo aliweka mikanda miwili ukutani, kila mmoja na kazi yake. Mafundi wa jirani walianza kumletea mbao zao azipasue. Hakuharibu hata moja.

Kabati lilipokamilika, mama mkwe alikuja kulichukua. Alisimama mbele yake, akaitazama milango. Mistari myekundu na ya kahawia ilipanda kutoka chini, ikafunguka pande zote mbili sawasawa.

"Marehemu aliuangusha mti huu akasema haufai ila kuni," alisema. "Mimi nikaficha mbao mbili."

"Ulijua ni mzuri ndani, mama?" Mapindo aliuliza.

"Sikujua chochote, mwanangu. Nilimwona tu siku aliyoupanda."

Akafungua milango, akaifunga, akaifungua tena. Hakuna aliyemharakisha.