Chui wa Bluu wa Mama Bibie

Salha aliacha mtu juu ya kabati, akarudi akakuta chui.

Hakukaa nje zaidi ya muda wa kuanika shuka mbili. Bibie, binti yake wa miaka saba, alikuwa shule. Mumewe Kheri alikuwa safarini na Fuso lake. Mlango wa mbele ulikuwa umetiwa komeo, na wa uani alikuwa akiuona muda wote. Lakini lile roboti la bluu, alilolisimamisha mwenyewe kwa miguu miwili asubuhi akipangusa vumbi, sasa lilikuwa limekunjwa kuwa chui, miguu minne chini, uso umeelekea uani. Yaani umemwelekea yeye.

Akajiambia Bibie ndiye aliyelikunja kabla ya kutoka. Alijua anajidanganya.

Roboti hilo lililetwa na Kheri kutoka Dar es Salaam, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya Dubai vikawa vinapita Makambako kila siku juu ya malori. Kheri alikuwa na wake wawili, Salha hapa Makambako na Shamimu kule Njombe, na alijigamba kwa watu kwamba yeye hapendelei. Akinunua kitenge, ananunua viwili. Chupa ya chai, mbili. Safari hii alinunua maroboti mawili ya kukunja, moja la Bibie, jingine la Bashiru, mtoto wa Shamimu.

"Ni pacha hayo, Mama Bibie," alisema. "Tofauti ni rangi tu."

Rangi tu! La Bashiru lilikuwa la njano lenye madoa meusi, chui kama chui. La Bibie lilikuwa la bluu. Nani amewahi kuona chui wa bluu?

Salha alilikagua kama anayekagua mchumba wa binti yake. Alilikunja, akalikunjua. Viungo tisa, kila kimoja kikilia tik kinapoingia mahali pake. Mkia unachomoka unakuwa upanga, kichwa cha mtu kinazama kifuani, cha chui kinaibuka mgongoni. Kazi nzuri, hakukataa, ila mkono wa kulia ulikuwa umelegea kidogo. Kisha akakwaruza nyonga kwa ukucha. Bluu ikabanduka, na chini yake akaona njano.

Kumbe limepakwa! Lilikuwa kama lile la Njombe, likakosa mnunuzi, wakalisiriba bluu, na aliyepewa ni nani? Mtoto wa Salha. Salha aliyeolewa na Kheri akiwa bado utingo wa malori, aliyehama naye kutoka Pangani hadi kwenye baridi hii. Jioni hiyo, adhana ya magharibi ikilia, alikaa kizingitini na roboti mapajani, jambo ambalo bibi yake kule Pangani asingemruhusu kamwe, maana alisema saa hiyo kizingiti si cha watu.

"Kwa nini mwenzako apate rangi nzuri?" Salha aliliambia. "Kama kuna anayekutaka wewe, aje akukae. Mimi nataka lile la Njombe."

Aliyekuwa anataka alisikia.

Tangu hapo nyumba ilinuka udi ambao hakuna aliyeuchoma, na ndani ya udi kulikuwa na harufu ya manyoya yaliyolowa. Bibie akaacha kula. Mchana mmoja wa ukungu, ukungu ule wa Makambako unaoingia hadi sebuleni, Salha alimkuta amelala kifudifudi mkekani, sikio limegusa mdomo wa chui.

"Mama," mtoto alinong'ona, "anauliza kwa nini mwenzake amepata rangi nzuri."

"Nani anauliza?"

"Huyu. Anasema wewe unajua."

Salha akasimama na mwiko mkononi, akisikia tik, na tena tik, ilhali vidole vya Bibie vilikuwa vimetulia mkekani, na mbele ya macho yake mkia mdogo wa bluu ukajikunja polepole kama wa paka anayesubiri kitu, na mtoto akatabasamu.

Mwenye akili angelitumbukiza chooni. Wivu ulimpa Salha akili nyingine. Alilipeleka kwa Linus, fundi wa kuandika maneno kwenye malori pale stendi, akamwambia alipake njano na kulitia madoa meusi. Jumamosi Shamimu alimwalika Njombe kwenye akika ya mtoto wake mchanga. Wanawake wakiwa uani wanapepeta mchele, Salha aliingia chumbani, akaliacha lake, akachukua la Bashiru. Yalikuwa sawa kabisa. Jioni hiyohiyo Bibie aliomba ugali, akala, akaomba tena. Salha alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi.

Siku ya tano Kheri alirudi mchana, na Shamimu nyuma yake. Bashiru alikuwa mbele yao, anatembea kwa mikono na miguu.

"Siku ya tatu hii hajasimama," Kheri alisema. "Hospitali hawaoni kitu."

Mtoto aligeuza shingo kumtazama Salha. Shingo ikalia tik.

Maalim Ussi aliitwa kutoka msikitini. Hakuuliza mengi. Alinusa ule udi uliorudi na mtoto, akasoma, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akauondoa haraka.

"Huyu hakuja mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaribishwa. Aliyemkaribisha amfukuze kwa mdomo wake, hapa, mbele yetu. Mimi nitasoma mpaka kesho, hatoki."

Shamimu alipiga magoti, akamshika Salha miguu. "Dada, kama kuna unachojua, nisaidie. Nitakuwa mtumwa wako."

Salha alijua. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini Kheri aliinama akaweka mkono begani kwa Shamimu, taratibu, namna ambayo Salha hajawekewa miaka mingi, na neno likarudi tumboni. Kila mtu akasikia viungo vya mtoto vikilia, kimoja baada ya kingine. Ndipo Bibie alipoanza kulia pembeni.

"Ni mimi!" Salha alipasuka. "Mimi nilimwita, mimi nikalibadilisha! Sikutaki! Toka!"

Udi ukakatika ghafla. Bashiru akaanguka ubavu, kisha akasimama kwa miguu miwili akimwita mama yake. Maalim aliamuru maroboti yote mawili yazikwe mbali, kando ya barabara ya Iringa. Akiondoka alimwambia Salha, "Umemtoa kwa mdomo. Moyoni mwako mimi sifiki. Jitahidi."

Kheri hakumpa talaka, hakumtukana. Alisema tu, "Nitakaa Njombe mpaka mtoto apate nguvu." Shamimu akamkumbatia akimshukuru, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alasiri iliyofuata ukungu ulishuka tena. Salha alikuwa anaosha vyombo, akimfikiria Kheri kule, anamlisha Bashiru uji kwa kijiko. Angekuwa Bibie, angekaa naye wiki nzima? Kwa nini mwenzake apate?

Tik.

Akatazama kabati. Lilikuwa tupu. Ikalia tena, karibu, na sahani ikamponyoka kwa sababu sauti ilikuwa ndani ya kifundo cha mkono wake. Kikafuata kiwiko. Likafuata bega. Akajikuta amepiga magoti, viganja sakafuni, udi umejaa puani, na nyonga inamwasha. Akajikuna. Ukucha ulibandua kitu chembamba, na chini yake palikuwa njano.

Alihesabu. Saba. Nane.

"Mama?" Bibie alikuwa mlangoni, daftari kifuani. "Mama, umeangusha nini?"

Salha alitaka kumwambia akimbie. Kiungo cha tisa kilikuwa taya.