Mstari Ulioachwa Wazi

Saa saba mchana, joto la Lundusi likiwa nyuzi hamsini na moja, Mgawahewa ulifunga matundu elfu nne ya hewa baridi kwa mpigo mmoja. Mtambo huo ndio uliofanya mji ukalike. Kila chumba kilipata baridi yake kwa bomba, na umeme ulipopungua, mtambo ulichagua wenyewe pa kufunga.

Mhandisi Leokadia Ndunguru hakushtuka. Maghala ndiyo yaliyofungwa kwanza siku zote. Alimaliza chakula chake, ndipo akaipitia orodha, na katikati ya maghala akakuta Jengo la Tisa. Yalikuwa makao ya wazee, yaliyofunguliwa wiki mbili nyuma. Yeye ndiye aliyeyaunganisha na mtambo.

Alifungua faili la usanidi, ambamo kila jengo huelezwa. Jina, ukubwa, idadi ya matundu, vyote alikuwa ameviandika. Mstari wa “wakazi” ulikuwa mtupu. Siku ile alikuwa na haraka, na mtambo ulilipokea faili bila kulalamika. Alidhani pasipoandikwa kitu, mtambo utahesabu kwamba wamo watu.

Waliobuni mtambo walidhani kinyume. Chaguo-msingi lao, yaani jibu linalotumika binadamu asipotoa lake, lilikuwa “ghala”. Hata simu za dharura za wahudumu wa makao, mtambo uliziweka kwenye foleni ya maghala, nyuma ya simu nyingine zote.

Akaandika: wakazi, sitini na wawili. Matundu yakafunguka. Dakika arobaini na tatu zilikuwa zimepita.

Jioni fundi wa mabomba, Kassian Komba, alirudi kutoka Jengo la Tisa. Mama yake aliishi humo.

“Mama?” Leokadia aliuliza.

“Wamefariki saba. Na yeye yumo.” Alibaki amesimama. “Wahudumu walipiga simu, Mhandisi. Nani aliamua wasisikilizwe?”

“Hakuna aliyeamua, kaka. Palikuwa na mahali pa kuandika kwamba wapo. Mimi nilipaacha wazi.”

Kassian aliisogelea skrini.

“Mistari kama huo iko mingapi mjini?”

Leokadia hakuwahi kuuliza. Aliuliza sasa, na mtambo ukajibu papo hapo: majengo mia tatu na kumi na mawili. La kwanza lilikuwa wodi ya wazazi.

Kassian alivuta kiti, akaanza kumsomea majina ya majengo, naye akawa anaijaza mistari. Walikuwa wamefika jengo la sita taa zilipofifia, na mtambo ukaanza tena kuchagua.